Mzigo na Mgongo

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Msemo huu nimeusikia tangu utotoni, nami nilidhani unawasema watu wasio na huruma, wanaopita njiani na kumtazama mwenzao akilemewa. Ilinibidi niende mbali sana na kwetu, hadi baharini, ndipo nikatambua kwamba unamhusu zaidi yule anayeufunga mzigo kuliko yule anayeutazama.

Kwetu ni Kolo, kando ya barabara kuu itokayo Kondoa kwenda Babati. Wageni hupajua kwa michoro ya kale iliyomo miambani, ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Sisi tuliozaliwa hapo tulipajua kwanza kwa kiu. Mito yetu ni ya mchanga. Kiangazi kikifika, unafukua shimo katikati ya mto, unangoja maji yajikusanye, kisha unachota kwa kata, taratibu, usije ukayavuruga. Kuogelea tungejifunzia wapi?

Maji hayo tulimpakia punda. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, kazi ya kumtandika ilikuwa yangu. Gunia lililokunjwa huwekwa mgongoni, juu yake matandiko, kisha madebe mawili kila upande, na kamba ya ngozi hupita chini ya tumbo. Kamba hiyo inataka akili. Ukiilegeza mzigo unacheza, na mzigo unaocheza huchubua. Ukiikaza mno mnyama hapumui vizuri. Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza, basi nikawa naifunga palepale nilipoifunga jana, kwenye fundo lilelile, ingawa punda alikuwa amekonda kwa ukame. Baada ya siku chache kidonda kikatokea mgongoni.

Baba hakunipiga. Alichukua debe moja lililojaa, akalifunga mgongoni mwangu kwa kamba ileile, akailegeza kama nilivyokuwa nikiilegeza mimi, akasema, "Haya mwanangu, twende nyumbani." Nilipofika mabega yalikuwa yamechubuka, na hakuna aliyenieleza zaidi. Mwaka 1979 Serikali iliondoa mifugo katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, chini ya ule mradi wa kuhifadhi ardhi ulioitwa HADO, na punda wetu naye akapelekwa mbali kwa ndugu. Kovu lake lilikuwa bado halijaota manyoya. Nikasahau.

Nilipokua nilijifunza kushona viatu na mikoba ya ngozi mjini Dodoma, na kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha kisiwa cha Mafia mwaka 1996, mwaka mmoja baada ya hifadhi ya bahari kuanzishwa huko. Wageni walikuja kuzamia kutazama matumbawe na samaki, na mahali fulani palihitajika mtu wa kutengeneza mikanda ya vifaa vyao. Mikanda naijua, nikajisemea. Bahari nitaizoea.

Huenda msomaji wangu hajawahi kukiona kifaa hicho, basi nikieleze. Tangu Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, watengeneze mwaka 1943 kipumulio kinachompa mzamiaji hewa kila anapovuta pumzi, mtu huingia majini akiwa na mtungi mgongoni. Mtungi wa kawaida wa alumini, ukiwa mtupu, una uzito wa kilo 14 hivi. Katika aina niliyoitengeneza mimi, mtungi hufungwa kwenye bamba la chuma linalolala mgongoni, na katikati yao hukaa mfuko unaojazwa hewa ili mtu aelee. Utepe mmoja mrefu wa nailoni, upana wake sentimeta 5, hupenyezwa katika matundu ya bamba: huanzia kiunoni, hupanda begani, hupita nyuma ya shingo, hushuka bega la pili na kurudi kiunoni, ambako hufungwa kwa bizimu. Utepe mwingine hutoka chini ya bamba, hupita katikati ya miguu na kushikwa na mkanda wa kiuno, ili bamba lisipande juu. Zaidi ya hapo zipo pete za chuma za kuning'inizia taa na vitu vingine vidogo.

Kuipenyeza ni kazi ya nusu saa. Kuirekebisha ndiyo kazi hasa. Mzamiaji lazima awe amevaa vazi lake la majini, kwa maana mpira ule mnene hubadilisha kipimo. Ngumi ipite kati ya utepe na kifua. Ukiukaza kuliko hapo, mikono haipindi. Ukiulegeza, mtungi unashuka na mtu hawezi kuifikia koki yake nyuma ya kichwa. Bizimu ikae upande wa kulia kidogo, mkono wa kulia uifungue bila kupapasa. Mwisho kabisa, juu ya vyote, huja mshipi wenye vipande vya risasi, unaomsaidia mzamiaji kushuka. Huo hauruhusiwi kuzuiwa na kitu chochote, kwani siku ya shida ndio wa kwanza kutupwa.

Haya yote niliyajua. Ningeweza kuyasema usingizini.

Asubuhi moja walikuja wageni wengi kupita kawaida. Miongoni mwao alikuwapo mama mmoja wa makamo, Mjerumani, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Mikanda niliyompa ilikuwa imetumiwa jana yake na bwana mmoja mrefu mwenye kifua kipana. Niliivuta kidogo hapa na pale, nikaona inatosha. Mshipi wake wa risasi alikuwa ameshauvaa, nami kwa haraka nikapitisha utepe wa miguuni juu yake. Mashua ilikuwa inangoja. Fundo la jana.

Kule chini hakukuwa na tatizo. Maji yenyewe hukubebea mzigo. Tatizo lilikuja alipoibuka, upepo ukiwa umeshavuma na mawimbi yamesimama. Aliujaza mfuko hewa kama alivyofundishwa. Lakini kwa kuwa tepe zote zilikuwa ndefu kwake, bamba na mfuko vilielea vikapanda hadi masikioni, naye akabaki ananing'inia chini yake, mdomo ukiwa sawasawa na maji. Nikamwona akipeleka mkono kiunoni kuutupa mshipi wa risasi. Bizimu ilifunguka. Mshipi haukuanguka. Ulinaswa na utepe wangu, ukamning'inia katikati ya miguu na kumvuta chini.

Baharia wetu, mtu wa hukohuko Mafia, alijitosa kabla sijainua mguu. Alimshika kwapani, akamnyanyua, akakata utepe kwa kisu. Tulipomvuta mashuani alitapika maji, akakohoa kwa muda mrefu, kisha akatutazama mmoja mmoja na kuuliza kwa Kiingereza, bila ukali wowote, ni nani aliyemfunga.

"Ni mimi," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Hakuongeza neno. Laiti angenitukana! Matusi mtu huyajibu, hata kimoyomoyo. Mimi nilirudi kibandani, nikaivaa mikanda ile kama alivyoivaa yeye, nikasimama majini kifuani karibu na gati mpaka jua lilipozama, nikiifungua na kuifunga. Ndipo kidonda cha punda kilipонirudia.

Likizo iliyofuata nilikwenda Kolo nikiwa na bamba kuukuu na utepe mpya, nipate kuzoeza mikono. Majirani walicheka sana. "Umesikia bahari imehamia huku?" waliniuliza. Baba, ambaye hajaiona bahari maisha yake yote, hakucheka. Aliniambia nivae. Akanizunguka polepole akishika kila utepe, kama alivyokuwa akimzunguka mnyama. Akapitisha ngumi kifuani pangu, akaiacha hapo kidogo. Sikuwa nimemweleza habari ya ngumi.

"Na ukitaka kuuvua huko majini, unaanza wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha bizimu. Akaniamuru nifumbe macho nimwonyeshe tena. Nikafanya. Kisha nikamsimulia habari ya yule mama, yote, bila kuficha. Alinyamaza kitambo.

"Ulipokuwa unamfunga," akasema, "ulimuuliza panambana wapi?"

"Sikumuuliza, baba."

"Punda hasemi, ndiyo maana tunamtazama. Yeye alikuwa na mdomo."

Nilifanya kazi ile miaka mingine kumi na minne. Baba alifariki nikiwa bado huko. Kila mgeni aliyepita mikononi mwangu, awe mgeni wa kwanza au bingwa wa miaka ishirini, nilianza kwa kuilegeza mikanda yote hadi mwisho, hata kama ilionekana kumkaa vizuri. Nilifunga upya kuanzia mabegani. Halafu nilimuuliza panambana wapi, nikangoja ajibu, kisha nikamwambia afumbe macho na ajifungue mwenyewe mbele yangu. Wengine walikereka, wakaona nawapotezea muda. Mashua ilingoja.

Wahenga hawakukosea. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na utabaki hivyo, kwa sababu mgongo ni wake wala si wangu. Sina namna ya kuuhisi. Nina mdomo wa kumuuliza, na ngumi ya kupimia.