Vugo Katika Harusi za Majengo

Vugo ni pembe la nyati ligongwalo kwa kijiti, na nyati hakuja pwani kwa jahazi. Zumari ya chakacha ina jina la Kiarabu, lakini msondo na chapuo zinazoifuata ni ngoma za Kiafrika. Ama beni, iliyoshika Lamu na Mombasa tangu miaka ya 1890, jina lake na tarumbeta zake ilizipata kwa Waingereza. Askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 wakaieneza mpaka bara. Wapagazi hao ndio walioupa jina mtaa wa Kariokor, jirani zetu hapa Pumwani. Na Majengo yetu, tangu miaka ya 1920, imejazwa na Wakikuyu, Wakamba na watu wa pwani, wakasilimu, wakaozana. Atakaye kuuchambua mdundo kwa nasaba, na aanze na ukoo wake.

Nayasema haya kwa sababu mama mmoja wa hapa anaoza binti. Shangazi zake wa Lamu wameandaa vugo, na mwanawe wa kiume, kijana mwenye bidii ya dini, ameapa kutokanyaga nyumbani siku hiyo, eti hizo ni mila za kikafiri. Mama analia.

Simlaumu kijana kwa kuuliza. Nimeona harusi za mitaa hii, spika zimeelekezwa barabarani na wavulana wamejaa mlangoni na simu zao. Lakini katika Sahihi ya Bukhari, Rubayyi' binti Muawwidh anasimulia kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia kwao siku ya harusi yake, wasichana wakipiga dufu na kuwaimba mashahidi wa Badr. Mmoja akasema kwamba Mtume anajua ya kesho. Akamkataza neno hilo, akamwambia aendelee na aliyokuwa akiyaimba. Lililorekebishwa ni neno, dufu halikunyamazishwa.

Wanazuoni wamekaza zaidi kuhusu ala za kupuliza, kwa hiyo zumari nimemwomba mama aiache. Vugo lipigwe, wanawake kwa wanawake, mlango umefungwa, simu zikusanywe kapuni. Nyimbo azisikilize yeye kwanza, maana mafumbo ya kumvunjia mtu heshima nayo ni maneno.

Kijana nimempelekea salamu aje baada ya Isha tuisome hadithi hiyo pamoja. Bado hajaja, na harusi ni Jumamosi.