Jembe na Mkono

Nilikuwa na miaka 12 nilipoingia mara ya kwanza kwenye chumba cha kupigia kura, na kura yenyewe haikuwa yangu. Macho ya nyanya yalikuwa yameingia ukungu, mama ana mtoto mgongoni, basi nikatumwa mimi nimshike mkono nimfikishe shuleni, hapa hapa Kirewa. Ilikuwa Desemba 1980.

Uganda haikuwa imechagua wabunge tangu Aprili 1962. Kaka yangu alikuwa ameshaoa na hajawahi kuona sanduku la kura. Rais Idi Amin alikuwa amekimbia mwaka uliotangulia, akatuachia nchi isiyo na sabuni wala sukari. Kidogo tulichopata kilipita usiku kwa magendo mpakani, Busia na Malaba, juu ya vichwa vya watu. Nakumbuka zaidi chumvi. Mgombea aliyegawa chumvi alishangiliwa hata na wale ambao hawakuwa na nia ya kumpa kura.

Kwetu hakuna aliyekuuliza utampigia nani. Uliulizwa ulibatizwa wapi. Wakatoliki walitazama Nagongera, kwenye seminari na mapadri, wakawa DP ya Paul Ssemogerere, chama ambacho mahasimu wake walikiita Dini ya Papa. Waprotestanti wakawa UPC ya Milton Obote. UPM ya Museveni tuliisikia redioni, lakini wazee waliiona kuwa chama cha wanafunzi. Hata malwa, pombe yetu ya ulezi, iligawanyika. Miaka yote wazee walizunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake; ilipofika Novemba vyungu vilikuwa viwili, na baba mkubwa, aliyekuwa katekista, alibana mrija wake kwapani akahamia upande wa pili wa uwanja bila kuaga mtu.

Nyumba yetu yote ilikuwa Katoliki, kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi. Nyanya alivaa rozari shingoni hata akienda kuchota maji.

Utaratibu wa mwaka ule vijana wa leo hawauamini. Hukutia alama yoyote kwenye karatasi. Kila chama kilikuwa na sanduku lake, lenye picha yake, na wewe ulidumbukiza karatasi kwenye sanduku ulilotaka. DP walikuwa wamedai sanduku moja kwa wote, wakakataliwa. Hofu yao haikuwa ya bure: mjanja angeweza kutoka na karatasi yake mfukoni akaiuza nje, na sanduku la chama fulani likipotea njiani, kila mtu anajua ni kura za nani zilizopotea.

Tarehe 10 vifaa vilichelewa sehemu nyingi, hata upigaji kura ukaendelea hadi tarehe 11. Tulikaa chini ya mwembe mpaka jua likatuhamisha mara tatu. Zamu yetu ilipofika, msimamizi alimtazama nyanya, akanitazama mimi, akatuachia tupite wote wawili.

Nyuma ya pazia nikamwelekeza mkono kwenye sanduku la DP. "Nyanya, hili hapa la jembe."

Akalipapasa, akalipita. "La mkono liko wapi?"

Nikadhani hakunisikia. Nikarudia, jembe ni hili. Akaniinamia sikioni.

"Mjukuu wangu, jembe nimelishika tangu sijaota meno. Unafikiri sijui lilichonipa? Leo nataka mkono."

Nikamwonyesha. Karatasi ikaingia kwenye sanduku la UPC, akajipangusa vidole kwenye kanga, tukatoka. Baba mkubwa alikuwa amesimama kando ya uwanja akimkenulia meno kwa furaha.

Jioni ya tarehe 11 ikaja habari kwamba DP wameshinda nchi nzima. Baba mkubwa alitoa fumbo, ile ngoma yetu ndefu, akaipiga mwenyewe. Ngoma haikudumu. Redio ikatangaza kwamba Paulo Muwanga, mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi iliyokuwa madarakani, ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kutoa matokeo. Mwingine atakayeyatangaza atatozwa faini hadi shilingi 500,000 au kufungwa hadi miaka 5, au yote mawili. Fumbo likarudishwa ndani. Matokeo yalipotoka, serikali ilikuwa ya UPC. Nyanya alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. Mimi nilikosa usingizi, nikiamini kwamba karatasi ile moja, niliyoielekeza kwa kidole changu, ndiyo iliyomnyamazisha baba mkubwa.

Mei 1996 nilikuwa nafanya biashara Busia; nilipofika nyumbani niliwakuta wazee wale wale wamerudi kwenye chungu kimoja. Ssemogerere alikuwa anagombea urais akiungwa mkono na UPC, na baba mkubwa alipanda lori moja na mwalimu ambaye hawakusalimiana kwa miaka. Walishindwa vibaya, Museveni akapata karibu robo tatu ya kura, ila mrija wa baba mkubwa haukuhama tena.

Miaka kumi baadaye, mwanzoni mwa 2006, vyama vimeruhusiwa upya kugombea, nilimkuta baba mkubwa amekaa mlangoni, macho yake yameshika ukungu ule ule wa mama yake. Nyanya tulikuwa tumemzika zamani.

"Siku ile wewe ndiye uliyemwingiza mama," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Aliweka wapi?"

Nilitazama mwembe wa shule, umebaki kisiki.

"Kwenye jembe, baba."

Akacheka kidogo, akaniambia nimsogezee mrija.