Chota Chini: Safari ya Vyungu Katika Nakivale Yetu

Mwezi huu hatuendi mbali. Tunatembea hapa hapa Nakivale, kutoka New Congo mpaka ziwani, na tunafuata kitu kimoja tu: harufu ya supu. Safari hii haitaki pesa ya boda boda. Inataka miguu na pua.

Kwa nini supu? Kwa sababu ndiyo chakula kinachoongezwa maji mgeni akibisha hodi. Na siku hizi, tuseme ukweli, wengi wetu tunaongeza maji hata kama mgeni hayuko. Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani, WFP, lilianza kugawa familia za wakimbizi hapa Uganda katika makundi kufuata mahitaji yao. Mwaka 2025 watu wapatao milioni moja nchini waliondolewa kwenye msaada wa chakula. Kila nyumba inajua yenyewe hesabu hiyo imeigusaje. Sufuria ni ile ile, watoto ni wale wale, maharagi ndiyo yamepungua. Basi swali la safari yetu ni hili: majirani zetu wanafanya nini ili supu iongezeke na bado ibaki chakula?

Nakivale ni mahali pazuri pa kuuliza. Makazi haya yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959 walikuwa wameshaanza kuingia Uganda. Baada yao wamefika Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine. Vyungu vyenyewe vilibaki nyumbani, lakini namna ya kupika hakuna askari wa mpakani anayeweza kuizuia. Kila kabila liliingia nayo kichwani.

Kinu cha New Congo

Saa kumi jioni, New Congo unaisikia kabla hujaiona. Mchi unalia kwenye kinu: hapo ni sombe, majani ya muhogo. Yanatwangwa mpaka yalainike kabisa, yanachemshwa muda mrefu, halafu ndiyo yanaingia vitunguu, bilinganya, karanga zilizosagwa na mafuta ya mawese. Mwenye bahati anatia na ndagala. Ukilinganisha na supu ya kawaida, sombe ni nzito. Konzi mbili za karanga zinaitosha familia, maana zinaenea kwenye sufuria nzima.

Nilimuuliza mama mmoja kwa nini hapunguzi muda wa kuchemsha, na kuni zimekuwa shida hivi. Akacheka, akasema: "Sombe haipendi haraka, baba. Ukiiharakisha, inakulipa."

Mama huyo amesema kweli. Muhogo, majani yake na mizizi yake, una sumu ya asili. Kutwanga kunaifungua, na kuchemsha bila mfuniko kunaitoa na mvuke. Muhogo mchungu nao ulowekwe siku tatu au nne mpaka ulainike, uanikwe, ndipo usagwe unga wa bugali. Wazee wetu hawakuweka desturi hiyo kwa kupenda kazi. Kule Kongo unajulikana ugonjwa uitwao konzo. Unalemaza miguu ghafla na hauponi, na unawapata hasa watoto na akina mama wanaoishi kwa muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha. Unatokea wakati wa njaa na vita, watu wanapofupisha siku za kuloweka. Kwa hiyo, mama, kama kuna mahali pa kubana muda jikoni, pasiwe hapa.

Sufuria moja, moto mmoja

Ukivuka kwenda kwa Wanyarwanda na Warundi, harufu inabadilika. Hapo kuna ndizi za kupika. Wenyeji wetu Wanyankole wanaiita katogo, Wanyarwanda wanasema agatogo, na mpishi ni yule yule wa kuchanganya vitu pamoja. Wenyeji wanaipenda asubuhi, na utumbo wa ng'ombe wakiupata. Sisi wengi tunaipika na maharagi, na tunaila saa yoyote tukijaliwa.

Faida ya katogo ni kwamba sufuria ni moja na moto ni mmoja. Ndizi zikilainika zinameguka pembeni, na mchuzi unakuwa mzito wenyewe bila unga. Inapikwa hivi. Loweka glasi mbili za maharagi tangu jioni. Asubuhi mwaga maji yale, weka maji mapya, chemsha kwa moto mkali dakika kumi, kisha punguza moto mpaka yaive. Tia ndizi kumi zilizomenywa na kukatwa, kitunguu, chumvi na mafuta kidogo. Nyanya ziingie mwisho, maharagi yakiwa yameshalainika, kwa sababu ukali wa nyanya unayachelewesha kuiva. Wengi wanatia nyanya mwanzo halafu wanalaumu maharagi kwamba ni ya zamani.

Kuna na ujanja wa kikapu. Chukua kikapu kikubwa, kitandike majani makavu ya mgomba na blanketi kuukuu. Maharagi yaliyolowekwa yakichemka vizuri kama dakika ishirini, funika sufuria, iweke ndani, izungushie nguo, uende shambani. Ukirudi baada ya saa tatu au nne utakuta yamelainika. Yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kula. Mama anayekwenda mbali kutafuta kuni anajua kikapu hicho kimemwokolea safari ngapi kwa mwezi.

Hapo hapo neno moja juu ya mawese. Mafuta yale mekundu yana vitamini A nyingi, nzuri kwa macho ya mtoto. Lakini wako wanaoyachoma mpaka yawe meupe ndipo wakaange. Ule wekundu unaoondoka ndiyo vitamini yenyewe. Yapashe tu moto, usiyachome.

Mifupa, na unga wa shiro

Twende sasa kwa Wasomali, pale Base Camp. Supu yao wanaiita maraq. Mara nyingi ni mifupa ya mbuzi, viazi, karoti, bizari, na ndimu wakati wa kula, na anjera pembeni. Mtu mwenye homa akiinywa, jasho linatoka na moyo unarudi.

Nchi hii ya Ankole ni nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu, na mifupa hupatikana kwa mchinjaji kwa bei ya chini kuliko nyama. Wengi tunaamini supu ya mifupa ni nguvu tupu. Ni tamu, ndiyo, na ina mafuta. Lakini maji ya mifupa peke yake hayamjengi mtoto mwili. Nguvu ya kujenga mwili iko kwenye nyama, maharagi, karanga na samaki. Basi vunja mifupa ili uboho utoke, ichemshe, halafu pikia maharagi au viazi ndani ya supu ile. Mfupa unatoa utamu, maharagi yanatoa nguvu.

Waethiopia wa jirani wana jawabu lingine tena. Wao wana shiro: dengu au njegere kavu zilizokaangwa na kusagwa kuwa unga laini pamoja na viungo. Kitunguu kinakaangwa, maji yanawekwa, unga unakorogwa humo kidogo kidogo mpaka unakuwa mchuzi mzito. Unga wa shiro unaiva upesi kuliko njegere nzima, na kuni zinabaki. Kumbe njegere zile kavu ambazo tunalalamika haziivi, jirani yetu anazipeleka kwenye mashine na anakula mapema. Wangapi kati yetu tumewahi kumuuliza?

Kando ya ziwa

Njia inaishia kwenye maji. Ziwa Nakivale linalishwa na mto Rwizi, na eneo hili la maji, pamoja na la Mburo, limo tangu 2006 katika orodha ya dunia ya maeneo oevu yanayolindwa. Samaki wake ni tilapia na kambare. Uvuvi una sheria zake, na viboko nao wana sheria zao, hivyo vijana wasijaribu usiku.

Minofu ikienda kwa wenye pesa, vichwa vinabaki. Kichwa cha samaki ni supu nzuri sana: maji, kitunguu, nyanya, pilipili, chumvi, na limau ukishaepua. Kabla ya kumpa mtoto, toa miba kwa mkono wako. Asiyefikia samaki mbichi anunue dagaa, awasafishe mchanga, awakaushe kwenye sufuria, awatwange unga. Kijiko kimoja cha unga huo kinaingia kwenye uji au mboga ya mtoto. Dagaa analiwa mzima na mifupa yake, ndiyo maana anaimarisha mifupa yetu.

Chota chini

Nyumba zote nilizopita, sufuria zilikuwa tofauti, lakini wapishi wazuri wana tabia moja. Kila mmoja ana kitu cha kufanya supu iwe nzito: karanga, ndizi, viazi, unga wa shiro. Hawaongezi maji bila kuongeza kitu cha kuyashika.

Tatizo linakuja kwenye kugawa. Sufuria ikiongezwa maji, nguvu inazama chini. Anayepakuliwa kwanza anapata maharagi, na mtoto mdogo, ambaye anapewa mwisho au anapewa "maji maji kwa sababu hana meno", anapata rangi ya maharagi. Tumbo lake limejaa, mwili wake haujapata kitu. Mtoto aliyetimiza miezi sita ana tumbo dogo, hawezi kunywa bakuli tatu za maji ili kupata kijiko kimoja cha chakula. Kwake kipimo ni kijiko: ukikiinamisha, chakula kisimwagike upesi kama maji. Kwa hiyo chota chini. Ponda maharagi yale kwa mwiko, tia tone la mafuta, mpe yeye kwanza, na uendelee kumnyonyesha. Mama mjamzito na anayenyonyesha naye achotewe chini. Sisi akina baba tutavumilia, na asiyetaka kuvumilia ajadiliane na mkewe kwa utaratibu.

Kuna watoto wetu wengi waliozaliwa hapa. Fizi, Bujumbura na Mogadishu wanazijua kwa majina tu. Lakini mtoto wa New Congo anajua sauti ya kinu, na mtoto wa Kisomali anajua harufu ya maraq, na wakicheza pamoja wanaonjeshana. Hilo ni jambo la kulinda, hasa wakati huu ambapo njaa inaweza kumfanya mtu afunge mlango saa ya chakula. Jioni moja nilipopita, mama mmoja aliniita kwa sauti kutoka jikoni: "Karibu! Kula haiko mingi, lakini iko." Nikakaa, nikala.

Basi, wapendwa, wiki hii mwulizeni jirani mmoja wa taifa lingine anapikaje supu yake. Nendeni na konzi ya karanga au kitunguu kimoja, msiende mikono mitupu. Na mkirudi nyumbani, mwiko ufike chini ya sufuria kabla haujafika kwenye sahani ya mtoto. Tukutane mwezi ujao.