Jasho la Chungu

Jumanne, 12 Agosti 2025
Nimekwama kwenye neno moja katika tafsiri: waragi, pombe kali ya Uganda. Mhariri anataka tanbihi ya mstari mmoja. Wengi husema Waingereza waliiita war gin, yaani jini ya vita, kisha wenyeji wakaitamka kwa namna yao. Inawezekana. Hata konyagi yetu imetokana na Cognac, mji wa Ufaransa, ingawa brandi ya huko ni ya zabibu na ina rangi ya kaharabu. Lakini roho yangu haijatulia.

Alhamisi, 14 Agosti
Leo nilifunua sufuria ya maharage. Chini ya kifuniko matone yalikuwa yamejipanga kama shanga. Nilipokiinamisha, moja likateleza likameza wenzake hadi ukingoni. Nikakumbuka: araq kwa Kiarabu ni jasho, na pombe kali ikapewa jina hilohilo. Aliyeipa jina aliitazama kazi ikifanyika! Kukeneka ndiko huko: pombe iliyochacha huchemshwa, mvuke hupita katika mrija uliozamishwa kwenye maji baridi, hudondoka nyeupe kama maji. Kileo huchemka kwa nyuzi 78, maji kwa 100, ndiyo maana kileo hutangulia. Huku kwetu watu waliona moshi, na sheria ya Tanzania ya mwaka 1966 kuhusu kutengeneza gongo ililitumia jina hilo, Moshi.

Jumapili, 17 Agosti
Nimeipata njia. Sudani pombe kali ya tende huitwa aragi. Mwaka 1891 Lugard, afisa Mwingereza, aliwachukua askari wa Kisudani waliobaki wa gavana Emin Pasha, karibu na Ziwa Albert, wakatumikia Waingereza Uganda. Uzao wao ndio Wanubi, na wenzao waliokwenda Kenya wakakaa Kibera, jina ambalo kwa Kinubi ni msitu. Waingereza wenyewe waliiita pombe ya watu hao jini ya Kinubi. Sasa vita ya nini? Aragi ikiongezwa w mbele imekuwa waragi, haikupoteza kitu. Hadithi ya war gin inawanyima Wanubi neno lao, na mimi sitaiandika.

Tanbihi niliyompelekea mhariri usiku huu: “Waragi: pombe kali ya kukenekwa, Uganda, kutoka aragi ya Wanubi, asili yake Kiarabu araq, jasho.”