Biti Nane, Wasomaji Wawili

Marafiki zangu wa vitabu huniuliza, mtu wa riwaya kama wewe unatafuta nini kwenye lugha ya asembli? Huwa nawajibu kwamba nafuata kilekile ninachofuata kwenye riwaya: kusoma kwa makini.

Chukua rejista ya AL, kichumba cha biti nane ndani ya prosesa za x86. Weka humo 127, kisha jumlisha 1. Fungua GDB, iambie ikuoneshe biti za rejista hiyo. Utakuta ya kushoto kabisa ni 1, saba zilizobaki ni sifuri. Sasa hiyo ni namba gani? Ukizisoma kama namba zisizo na hasi, ni 128, hesabu safi kabisa. Ukizisoma kama namba kamili zenye chanya na hasi, ni -128. Yaani umeongeza moja, ukaangukia kwenye deni!

Prosesa yenyewe haichagui. Inajumlisha mara moja, halafu inawaachia alama wasomaji wote wawili. Bendera ya CF ni ya asiyehesabu hasi, bendera ya OF ni ya anayezihesabu. Hapa CF imelala, OF imesimama. Usipoiuliza OF, programu inaendelea na safari yake, -128 mkononi.

Na hata mashine ikipiga kelele, lazima awepo wa kusikia. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Sehemu ya programu yake, iliyorithiwa kutoka Ariane 4, ilijaribu kuingiza namba inayohusu kasi ya roketi kwenye biti 16, ambazo mwisho wake ni 32,767. Haikuenea. Kosa liliripotiwa, lakini hakuna aliyekuwa ameandika njia ya kulirekebisha hapo hapo. Kompyuta zote mbili za mwelekeo zikajizima, na baada ya kama sekunde 40 hivi za safari, roketi ikasambaratika.

Ndiyo maana huwa nachukia kusikia dirishani, "Mama, mfumo unasema huna salio." Shangazi yangu aliambiwa hivyo, akarudi nyumbani kimya. Mfumo una biti zake tu. Aliyeamua zisomwe vipi ni mtu, na ndiye wa kuulizwa. Safari ijayo tutakwenda wawili.