Siku Moja Katika Mji wa Palermo

Mtu wa Mwambao akitajiwa Italia, aghalabu fikira zake huenda kwa Wataliano wa Malindi, au kwa Roma na Venice azionazo katika picha. Ni wachache wanaokumbuka kwamba upande wa kusini wa nchi hiyo, katika kisiwa cha Sisilia, uko mji uliotawaliwa na Waislamu kwa miaka 240 na zaidi. Mji huo ni Palermo. Siku moja haitoshi kuumaliza, lakini yatosha kumwonyesha mgeni jambo ambalo watalii wengi hulipita upesi: namna jamii inavyoweza kuacha mahali majengo yake, mifereji yake, vyakula na maneno yake, kisha yenyewe isionekane.

Tutangulize historia kidogo, ili msomaji ajue tunapita wapi. Mwaka 827 jeshi lilivuka bahari kutoka nchi iitwayo leo Tunisia, likiongozwa na Asad ibn al-Furat, kadhi wa Kairouan na mwanachuoni mkubwa wa fiqhi. Yeye alifariki mwaka uliofuata mbele ya mji wa Syracuse, lakini Palermo ilichukuliwa mwaka 831 na ikafanywa makao ya utawala. Msafiri Ibn Hawqal alipofika yapata mwaka 973, aliandika kwamba misikiti ya mji ule ilizidi 300. Kisha Januari 1072 Wanormani, Wakristo wenye asili ya kaskazini mwa Ufaransa, wakauteka. Wafalme wao hawakuwafukuza Waislamu mara moja. Waliwahitaji wajenzi wao, makarani wao na wakulima wao, na kwa karne moja hivi lugha tatu zikatumika pamoja katika mji: Kilatini, Kigiriki na Kiarabu.

Mgeni mwenye siku moja na aanze asubuhi na mapema katika jumba la Palazzo dei Normanni, juu ya mji. Jumba hili lilisimama mahali pa ngome ya maamiri, na barabara iteremkayo kutoka hapo hadi baharini wenyeji bado huiita Cassaro, nalo ni neno letu la kasri lililobadilika mdomoni. Ndani ya jumba mna kanisa dogo la mfalme Roger wa Pili, Cappella Palatina, lililowekwa wakfu mwaka 1140. Kuta zake zimejaa picha za vijiwe vya dhahabu kwa mtindo wa Wagiriki. Lakini ukiinua macho utaona dari ya mbao iliyochongwa kwa muqarnas, vijumba vidogo vidogo vinavyoning'inia kama sega la nyuki, pamoja na nyota za pembe nane, na kandokando yake maandishi ya khati za Kufi yenye maneno ya baraka na heri. Mafundi walioichora dari ile walikuwa wameleta kanisani sanaa ya makasri ya Kiislamu, na mfalme aliwalipa kwa sababu hakuona nyingine iliyoishinda.

Karibu na kanisa hilo uko ubao wa jiwe wa mwaka 1142, ambao Kiarabu chake chataja 536 ya Hijra. Unatangaza kutengenezwa kwa saa ya maji kwa amri ya mfalme, na habari hiyo imeandikwa mara tatu, kila lugha peke yake. Saa yenyewe haipo tena. Nilisimama mbele ya jiwe lile nikafikiri juu ya mji ambao mtawala, akitaka watu wake wajue jambo, hulazimika kuwaandikia kwa lugha tatu, kwa kuwa anajua wapo watakaosoma zote.

Katika jumba hilo ndiko alikofanya kazi mtu anayetuhusu sisi wa Mwambao zaidi ya wengine wote. Sharif Muhammad al-Idrisi aliitwa na Roger amwandikie habari za dunia yote. Alikusanya maneno ya wasafiri na mabaharia kwa miaka mingi, akachora ramani 70, kusini ikiwa juu na kaskazini chini, na kitabu chake, Nuzhat al-Mushtaq, kikakamilika katika mwezi wa Shawwal 548, yaani Januari 1154. Ndani yake ametaja Malindi na chuma chake, na ametaja Mombasa. Hakufika kwetu, alisikia. Lakini hebu tuwaze: karne tatu na nusu kabla ya jahazi la Mreno kutia nanga Mwambao, majina ya miji yetu yalikuwa yamekwisha kuandikwa kwa wino katika chumba cha mfalme wa Sisilia, na mkono ulioyaandika ulikuwa wa Mwislamu.

Kutoka jumbani ni mwendo wa dakika chache tu kuteremka hadi kanisa kuu la mji. Askofu Walter alilijenga upya mwaka 1185. Mahali hapo palikuwa na kanisa, likageuzwa kuwa msikiti wa Ijumaa, kisha Wanormani wakaurudisha kuwa kanisa. Mgeni asikimbilie ndani. Asimame kwanza kwenye ukumbi wa mlango wa kusini, atazame nguzo ya kwanza mkono wa kushoto. Juu ya nguzo hiyo, katika duara lililochongwa, yamo maneno ya aya ya 54 ya Surat al-A'raf, aya inayozungumzia kuumbwa kwa mbingu na ardhi na kufuatana kwa usiku na mchana. Jiwe hilo lilitolewa katika jengo la zamani likatumiwa tena, na hakuna aliyeifuta aya yake.

Nilikaa hapo kitambo. Watu walipita kwa makundi, wengine wakajiegemeza kwenye nguzo wapigwe picha. Sikuona aliyesoma. Nguzo ilikuwa imehifadhiwa vizuri, safi, wala haikosewi heshima na yeyote. Lakini aya iliyoandikwa ili isomwe imekuwa pambo.

Ndani ya kanisa lilelile amezikwa Roger, na hatua chache kutoka kwake amezikwa mjukuu wake, Frederick wa Pili. Huyu alijua Kiarabu na alipenda elimu za Waarabu, na vitabu vingi humsifu kwa hayo. Lakini ndiye aliyepigana na Waislamu waliokimbilia milimani, na kuanzia miaka ya 1220 akawahamisha kwa maelfu kutoka Sisilia, akawapeleka Lucera, bara ya Italia. Huko waliishi kwa vizazi viwili vitatu, wakilima na kumtumikia mfalme vitani, hata mwaka 1300 mfalme mwingine, Charles wa Pili wa Anjou, akauvunja mji wao na wengi wao wakauzwa utumwani. Basi nje ya kanisa ipo aya, na ndani yake amelala aliyewaondoa waliokuwa wakiisoma.

Adhuhuri ikikaribia, soko la Ballarò halipo mbali. Hapa kelele za wachuuzi, marundo ya ndimu na mabiringani, na samaki waliotandazwa juu ya barafu vitamkumbusha mtu soko la Kongowea au Marikiti, ingawa bei zitamzindua. Leo wafanyabiashara na wanunuzi wake wengi wametoka Bangladesh, Ghana na Tunisia. Mwislamu na aulize kabla ya kula: mkate maarufu wa wengu hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na baadhi ya maandazi ya wali yaitwayo arancine hutiwa nyama yake. Lakini panelle ni unga wa dengu uliosongwa, ukakatwa vipande na kukaangwa, na ulimi wa mtu wa Mombasa utazitambua kuwa ni jamaa wa karibu wa bajia. Bado ni muhimu kuuliza mafuta yamekaanga nini kabla yake.

Sokoni ndiko utakakosikia pia yale maneno. Zabibu fulani tamu huitwa zibibbo. Zafarani ni zafferano, sukari ni zucchero. Miwa, malimau na machungwa makali vilipandwa kisiwani na Waislamu, wakavinywesha kwa maji ya mifereji iliyochimbwa chini ya ardhi, na mifereji mingine ipo hadi leo chini ya mji. Birika la kukusanyia maji ya shamba Wasisilia huliita gebbia. Wenzetu wa Lamu, Pate na Kiwayu, ambao kwa vizazi wamekinga maji ya mvua katika jabia, hawatahitaji kufasiriwa neno hilo.

Sala ya adhuhuri haina tabu kwa msafiri. Katikati ya mji wa kale upo msikiti ulio katika jengo lililokuwa kanisa, unaosimamiwa kwa ushirikiano na Tunisia. Katika vichochoro vya mtaa wa kale wa Mayahudi mgeni ataona vibao vya majina ya njia vilivyoandikwa kwa Kiitaliano, Kiebrania na Kiarabu. Vimewekwa zama hizi kwa kumbukumbu tu.

Baada ya hapo, ama kwa miguu ama kwa teksi, twende Zisa. Hili ni kasri la mapumziko lililoanzwa mwaka 1165 na mfalme William wa Kwanza na kumalizwa na mwanawe, na jina lake limetokana na neno la Kiarabu al-Aziz. Mafundi walipanga kuta, matundu na maji kwa hesabu, hata upepo wa baharini uingie, upite juu ya chemchemi ya ukumbini, na kuzipoza ghorofa za juu. Mtu aliyelelewa katika nyumba ya mawe ya Lamu, yenye kuta nene na uwanda wa ndani, ataielewa hekima hiyo bila mkalimani.

Leo kasri hilo ni makumbusho ya sanaa ya Kiislamu, na ndani yake kuna jiwe dogo ambalo ningemshauri kila mgeni asilikose. Ni jiwe la kaburi la mama mmoja wa Kikristo aitwaye Anna, lililowekwa mwaka 1149 na mwanawe, aliyekuwa kasisi wa mfalme. Limeandikwa kwa namna nne: Kilatini, Kigiriki, Kiarabu kwa herufi za Kiarabu, na Kiarabu kwa herufi za Kiebrania, na tarehe ikatolewa kwa kalenda ya kila jamii. Mtoto alitaka majirani wote wa mamake wajue kwamba amefariki.

Lakini tusidanganyike na uzuri wa mawe hayo. Ibn Jubayr, Mwandalusi aliyekuwa akirudi kutoka Hija, alipita Palermo mwishoni mwa mwaka 1184, mwezi wa Ramadhani, chini ya miaka 40 baada ya jiwe la Anna. Aliwakuta Waislamu wana kadhi, wana masoko, adhana inasikika, na misikiti isiyohesabika, mingi yake ikiwa vyuo vya kusomeshea Qur'ani. Hata hivyo sala ya Ijumaa hawakuisali, kwa kuwa khutba ilikatazwa. Akiwa Trapani alisikia habari ya baba mmoja mwenye cheo aliyemtuma mwanawe kwa hujaji mgeni, amwombe amchukue binti yake, amwoe au amwoze, mradi atoke naye kisiwani aende nchi atakayoweza kuishika dini yake. Binti alikubali. Mzazi huyo alikuwa na nyumba na mali na majirani wa siku zote, na bado aliona kilicho mbele. Miaka mitano baadaye William wa Pili alifariki, Waislamu wa Palermo wakashambuliwa, na walionusurika wakakimbilia milimani.

Jioni huishia mtaa wa Kalsa, karibu na bahari. Huu ulikuwa al-Khalisa, mji wa serikali uliojengwa mwaka 937. Bustani ndefu yafuata ufuo, watoto hucheza mpira, wazee hukaa wakitazama meli, na jua huzama nyuma ya milima huku bahari ikianza kuwa nyeusi. Mwaka 2015 UNESCO iliyaingiza majengo tisa ya zama hizo katika urithi wa dunia, nao ni ulinzi mwema. Lakini ulinzi huo ni wa mawe. Usomaji hauhifadhiwi na shirika lolote. Huhifadhiwa na mzazi na mtoto.

Hilo ndilo ningependa tulichukue kutoka Palermo. Waislamu wa Sisilia waliondolewa kwa nguvu, na hakuna atakayewalaumu. Sisi hatukuhamishwa. Tuna misikiti yetu, khutba zetu, na mabaraza yetu. Siyu ilisifika kwa wanakili wa misahafu, na katika masanduku ya nyumba nyingi za Lamu na Mombasa zimo barua, hati za mashamba na tenzi za mababu zetu, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Je, ni vijana wangapi katika nyumba hizo wanaoweza kuzisoma? Msahafu wanaujua, alhamdulillahi. Lakini barua ya nyanya yao wataishika kama mtalii aishikavyo nguzo ya Palermo, waisifu mwandiko wake, kisha wairudishe sandukuni. Kuwafundisha kunahitaji saa chache za Jumamosi, karatasi, na mzee mmoja anayejua. Wazee hao bado wapo.