Sauti za waliokimbia vita zalala kwenye mashine mbili

GOMA – Katika redio moja ya jamii mjini hapa, matangazo ya kutafuta ndugu yalikuwa yanakaa kwenye kompyuta moja tu. Mama anafika kutoka Masisi, anataja jina la mtoto waliyepotezana naye njiani kule Sake, sauti inarekodiwa na kupigwa hewani asubuhi na jioni. Kisha faili inabaki kwenye diski moja, katika mji ambao umeme unakatika bila kuaga.

Siku moja umeme ulirudi kwa nguvu. Diski ikatoa mlio, ikanyamaza. Fundi alihangaika nayo siku mbili bila kupata kitu. Matangazo ya majuma matatu yalikuwa yamekwenda. Waliorekodi wakaitwa warudie, lakini wengine walikuwa wamehama tena na simu zao hazipatikani.

Alichojenga fundi baada ya hapo kinafaa kujulikana, kwa sababu vituo vya afya na shule nyingi zinatunza majina ya watu kwa namna hiyohiyo.

Kwanza aliondoa faili kwenye kompyuta za watangazaji. Kila mmoja sasa ana folda yake ya nyumbani kwenye seva, na popote anapoketi, akiandika jina lake na neno la siri, folda inamfuata. Njia hiyo inaitwa NFS, nayo si mpya: kampuni ya Marekani, Sun Microsystems, iliibuni mwaka 1984. Ubaya wake ni kwamba seva ikizimika, redio nzima inakosa faili. Kwa hiyo akaweka seva mbili, kompyuta za kawaida zilizotumika, zenye Linux, zikiunganishwa kwa waya wao wenyewe. Programu iitwayo DRBD inanakili kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza mpaka kwenye ya pili palepale. Ya kwanza ikianguka, ya pili inachukua anwani yake ya mtandao na kuendelea na kazi. Mtangazaji anaona faili imekwama kidogo, basi.

Kuna mtego hapo. Waya ukikatika huku mashine zote mbili ziko hai, kila moja inadhani mwenzake amekufa na kujifanya mkubwa. Zinaanza kuandika mambo tofauti, na kuyapatanisha baadaye ni kazi ya machozi. Fundi aliongeza kompyuta ya tatu, ndogo kama kiganja, isiyotunza faili yoyote. Kazi yake ni kuwa shahidi: mashine isiyoiona mwenzake wala shahidi inaacha kuandika. Wanaofunga mashine mbili bila shahidi, kwa kubana pesa, wanajitafutia shida.

Siku ya kujaribu, fundi aling'oa waya wa umeme wa seva ya kwanza wakati tangazo linapigwa. Halikukatika. Watu walipiga makofi, isipokuwa mama anayesimamia kipindi cha kutafuta ndugu.

“Papa, na mtu akifuta tangazo kwa bahati mbaya?”

“Mama, litafutika pande zote mbili, palepale.”

“Na tukikimbia tena? Zote si ziko chumba kimoja?”

Maswali yake yalikuwa mazito kuliko jaribio lenyewe. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma. Mei 2021 ilishuka tena na wakaaji wengi wakakimbia. Januari 2025 vita viliingia mjini, umeme na maji vikakatika kwa siku kadhaa. Mashine pacha katika chumba kimoja zinaokoa kipindi cha jioni, si zaidi. Ndiyo maana kila usiku nakala nyingine inaandikwa kwenye diski ya nje, na za siku zilizopita hazifutwi haraka. Diski hizo ni mbili: moja ikiwa redioni, nyingine iko mtaa mwingine, zikibadilishana.

Hapo ndipo ubishi ulipokuwa mkali. Orodha ya nani anamtafuta nani, na anaishi wapi sasa, inaweza kumletea mtu hatari ikiangukia mikono mibaya. Kila nakala ni mlango mmoja zaidi. Wengine redioni walitaka nakala zipungue. Mwishowe diski zote zilifungwa kwa siri, kiasi kwamba atakayeiba haoni kitu bila ufunguo, na ufunguo uko kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja. Mahali mtu anapolala hapaandikwi tena. Inabaki namba ya simu tu, au jina la kanisa au msikiti wa kumpitishia habari.

Waliorekodi kabla ya diski kuharibika na bado hawajampata ndugu wanaombwa wapite tena redioni asubuhi. Kurekodi ni bure.